Sidii ya Mkaidi

...sitini na tatu, bado sitini na tatu, na huyu Mkaidi ni nani, hilo ndilo ninalotaka kujua mimi, miaka ishirini na minne nimeishi na huyu mwanamume, wateja wake wote nawajua kwa majina anayowabandika wakishampa mgongo, Mzee Kikohozi namjua, Mama Mapazia namjua, Asiyesema Asante namjua na nimeshamnyima salamu mara mbili sokoni kwa niaba ya mume wangu, lakini Mkaidi sijawahi kumsikia, na sasa sidii yake imo ndani ya kompyuta ya mkunga inazunguka na kukwaruza, kwii, kwii, kimya, kwii, na ule mstari wa kijani kwenye skrini umefika asilimia sitini na tatu ukajikalia, kama mgeni aliyeambiwa chakula kinakuja, songa basi, songa japo moja, nipe sitini na nne nikushukuru... na kule mbele, upande wa pili wa pazia, mume wangu anacheka na mkunga kama mtu asiye na shida duniani, "mashine hizi mama mkunga zina adabu zake, ukiziharakisha zinanuna," anasema, na hayo maneno si ya mkunga, ni yangu, maana yake usiguse kitu, usibonyeze, subiri, ndivyo tulivyozoea, mwezi wa nne sasa, yeye anaongea na mteja na mimi nasikiliza, yeye mdomo, mimi mikono, na pazia katikati.

Pazia nilishona mwenyewe, kwa kitambaa cha kahawia alichotuachia Mama Mapazia, likagawa chumba chetu cha mbele vipande viwili, mbele benchi la wateja na kaunta na kalenda ya mwaka juzi ambayo hataki itolewe kwa sababu picha yake nzuri, nyuma meza ya kazi, taa ya shingo ndefu, bisibisi kwenye kopo, na skrubu zimepangwa kwa ukubwa ndani ya vifuniko vya chupa... zamani hakukuwa na pazia, zamani alikuwa anafungua mashine mbele ya macho ya mwenyewe huku anapiga soga, anachomoa kitu kidogo kwa ncha za vidole, anamwonyesha mteja, "unamwona huyu, huyu ndiye mchawi wako," watu walikuwa wanakuja kumtazama tu, hata wasio na mashine... halafu kidole gumba cha kulia kikaanza kutetemeka, tukasema ni kulehemu kwingi, halafu mkono mzima, halafu na ule wa pili nao ukaona usiachwe nyuma, na siku aliyomwaga kifuniko kizima cha skrubu mbele ya Asiyesema Asante, yule bwana akasema "fundi, uzee huo," mume wangu akacheka naye, akacheka kupita kiasi, na jioni yake nikamkuta ukingoni mwa kitanda, ameikalia mikono yake yote miwili, daktari alimpa jina la ugonjwa, refu, akarudi nalo nyumbani na hajalitamka hata mara moja, mikono imechoka, ndivyo anavyosema, imechoka, haya, nami nasema imechoka. "Mke wangu, njoo unishikie hapa kidogo," aliniambia kesho yake, na hiyo kidogo haijaisha mpaka leo, nikashika, nikafungua, nikapuliza vumbi, nikajifunza kusugua meno ya kadi ya kumbukumbu kwa kifutio cha shule, nikajifunza skrubu haikazwi kwa hasira, nikajifunza draiva ni nini, alinieleza kwa uvumilivu ambao hakuwahi kuwa nao aliponifundisha baiskeli, kwamba kila kifaa ndani ya mashine kinasema lugha ya kwao, na draiva ndiye mkalimani, asipokuwepo mkalimani wanakaa nyumba moja wanatazamana tu, na mimi nilichojua ni kupiga chapa, vidole hivi vimeandika barua za watu miaka na miaka, za kuomba kazi, za kuacha kazi, za kumwomba mwenye nyumba asubiri, kumbe vilikuwa vinangoja kitu kingine, kwa sababu nilipenda, Mungu anisamehe, niliipenda hii kazi, siku mashine ya kwanza ilipowaka baada ya mimi kuifunga mwenyewe nilitaka kuruka kama msichana, nikajikausha, maana furaha yangu imetokana na mikono yake kuchoka, na mke gani anafurahia kitu kama hicho, nikasema tu "imewaka," akasema "naiona," na hatukutazamana.

Kwii, kwii... sitini na tatu... halafu ukaja utaratibu, nikimaliza nakohoa mara moja, nikikwama nagonga bisibisi kwenye kopo mara mbili, na sisemi neno, mteja akiwa mbele sisemi neno, hata chafya naibana, "mteja akijua ataondoka," alisema, na mimi sikuuliza akijua nini, akijua kwamba mikono yako inatetemeka au akijua kwamba fundi ni mkeo, sikuuliza kwa sababu niliogopa jibu, na hilo swali lipo hapa kifuani miezi minne, mfupa wa samaki uliokwama kooni hauumi hivyo, maana mikono yako nitaificha mpaka kiama, mume wangu, lakini kama unayemficha ni mimi... "hapana mama mkunga, mtandao mtaa mzima hamna," anasema huko mbele, "wale wachimba mabomba wamekata waya juzi, na mnara wa simu umezima nao, hata ukitaka kumpigia mtu pole huwezi," na mkunga anasema kwao kituoni pia hivyo hivyo, kimya, anasema siku nane sasa anakimbia na makaratasi ukumbini, kutoka meza ya kuandikishia mpaka chumba cha kujifungulia, kwa sababu mashine mbili zile zilikuwa zinaongea kwa waya, mama akiandikishwa huku, kule anaonekana, uzito wake, damu yake, mimba ya ngapi, sasa hii moja imeugua na magoti yake ndiyo waya, "magoti yenyewe haya ya kuazima, fundi," wanacheka, na gari la kituo linampitia saa nane, na sasa hivi ni saa saba na nusu, na zimepita tangu nilipotazama mara ya mwisho dakika... mbili, dakika mbili tu, duh.

Na kosa ni letu, sijui niseme langu, sijui niseme lake, jana mchana nimekaa hapa hapa, pazia limefungwa, hakuna mteja, amesimama nyuma yangu, ananiambia bonyeza hapa nabonyeza, ananiambia chagua hii nachagua, mashine ilikuwa imejaa virusi na takataka mpaka inapumua kwa shida, akasema "hii dawa yake ni kufuta yote na kuanza upya, futa," nikafuta, neno kwa neno nilimfuata, na leo asubuhi nafungua orodha ya vifaa nione kama kila mtu yuko salama, nakuta alama ya njano imesimama pembeni ya kadi ya mtandao, kadi ipo, imekaa mahali pake, lakini mashine haiijui, mkalimani hayupo, nikamwita, akatazama, akasema "zile draiva ulizinakili wapi kabla hujafuta," nikasema draiva zipi, akasema "zile, si unazinakili kwanza kwenye flashi," nikasema hukuniambia, akasema "nilikuambia," nikasema hukuniambia, nakumbuka kila neno ulilosema jana na hilo halikuwemo, akakaa kwenye stuli, akaitazama mikono yake juu ya mapaja, inacheza yenyewe, akasema pole pole, "sikujua kama nilikuwa naifanya"... miaka yote hiyo, anachomeka flashi, ananakili, ndipo anafuta, na kichwa chake hakikuwahi kuambiwa, mikono ilikuwa inajifanyia yenyewe wakati mdomo unapiga soga, na sasa mdomo umenifundisha kila kitu unachokijua na kile ambacho mikono ilikuwa inakijua peke yake kimebaki humo, hakina mtu wa kukisema, nilitaka kuishika ile mikono pale pale, sikuishika, nilikuwa bado na hasira ya hukuniambia, na siku nyingine lingekuwa jambo dogo, unavuta draiva kwenye mtandao kwa mashine nyingine, dakika tano, unamaliza, leo mtandao wenyewe umelala mtaroni pamoja na mabomba, na yeye akasimama akasema, bila kelele, kama mtu anayetaja siku, "hii ikishindikana tunafunga, nimeshamwambia mdogo wangu aje Jumamosi achukue meza ya kazi," ameshamwambia, shemeji yangu ameshaambiwa na mimi ninayefanya kazi kwenye hiyo meza naambiwa leo, na nikaona kabisa itakavyokuwa, atakaa hapo mbele kwenye benchi na redio, atasahihisha watangazaji, atakuwa mpole, yeye, mpole, nitamzika huku anapumua.

...songa jamani, sitini na tatu ndiyo nini, si hata namba ya kupumzikia... kwa hiyo tulibaki na maboksi, maboksi matatu ya viatu chini ya meza, ndani yake sidii za draiva za kila mashine iliyowahi kupita mikononi mwake, hakuwahi kutupa hata moja, na laiti angezipanga kwa aina ya mashine, au kwa mwaka, au kwa chochote ambacho binadamu mwenzake angeelewa, amezipanga kwa wenyewe, Mzee Kikohozi, Kaka wa Miwani, Dada Nakuja Kesho, Bwana Moto Hauzimiki, nilipekua nikicheka peke yangu mpaka nikakumbuka Jumamosi, na mkunga alipoingia saa saba nilikuwa bado nimepiga magoti na boksi la kwanza, nikasikia mume wangu anamkaribisha, anamwambia iko mwishoni mwishoni mama mkunga, inajipakia yenyewe, kaa unywe chai, halafu akasema kwa sauti ile ya pili, ya kuvuka pazia, "kadi hizi bwana zina namba mgongoni, namba nne tu, mtu akiijua namba nusu ya kazi kamaliza," ah, anataka namba, nikawasha tochi, nikainama mpaka pua inagusa bati, nikaisoma kwenye kile kipande cheusi, nane, moja, moja, moja, sasa nimwambieje bila kusema, nikachukua bisibisi nikagonga kopo, nane, nikatulia, moja, nikatulia, moja, moja, na mkunga akauliza "nini hicho kinagonga," mume wangu akasema mashine inapoa, mkunga akasema "inapoa kwa kuhesabu?" wakacheka wote wawili, na mimi jasho linanitiririka mgongoni, halafu akasema, hakufikiri hata kidogo, kichwa chake bado kizima jamani, kichwa chake kingeweza kuendesha kiwanda, "kuna mteja wangu mmoja alikuwa na kadi hii hii, namwita Mkaidi, sidii yake mpaka leo ninayo, boksi la tatu, mwisho kabisa, ina mfuko wake peke yake."

Mfuko wake peke yake, hapo ndipo niliponyanyua kichwa, wengine wote wamerundikana kama viatu mlangoni pa msiba, Mkaidi ana mfuko, mfuko wa kitambaa, na zipu, ndani sidii zaidi ya moja, nikachomoa iliyoandikwa MKAIDI MTANDAO, herufi kubwa, wino mweusi mzito, zimesimama wima kila moja, ule mwandiko wake wa zamani, nikaushangaa kidogo maana siku hizi akiandika namba ya simu ya mteja inabidi nimpigie mteja nimuulize namba yake, nikaifuta sidii kwa pindo la gauni kama alivyonifundisha, kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha, ina mikwaruzo, nikaichomeka, ikakubali, mstari ukaenda kumi, thelathini, hamsini na tisa, moyo wangu ukaenda nao, sitini na tatu, basi, na hapo ndipo tulipo, kwii, kimya, inasoma sehemu yenye mkwaruzo, inarudia, inasoma, inarudia, na mimi naanza kujiuliza maswali ya kijinga, mwanamke gani huyo mwenye mfuko wa zipu.

"Sasa huyo Mkaidi ndiye nani," anauliza mkunga, ahsante mkunga, Mungu akupe magoti mapya, "maana umemtaja kwa heshima kuliko wote," na nasikia stuli ya mume wangu inalia, amejiweka sawa, anataka kusimulia, namjua, akianza kusimulia anaegemea nyuma, "Mkaidi, mama mkunga, alikuwa mpiga chapa kwenye ofisi moja," mpiga chapa, ofisi moja, anajua wapiga chapa wangapi huyu, "nilikuwa kijana, nimetumwa kwenda kuweka printa mpya, lidude kubwa, imekuja na disketi tatu za draiva, hakuna cha mtandao siku hizo, disketi zikipotea umepotea wewe, nafika nakuta binti kakaa mbele ya kompyuta, kanyooka, namwambia dada naomba nafasi nifanye kazi, hata hakugeuka, anaendelea kupiga chapa, ananiambia nina barua kumi na saba hapa, wewe na printa yako mtanisubiri"...

Kumi na saba.

Hazikuwa kumi na saba, zilikuwa kumi na nne, mwongo huyu kapiga chuku, nakumbuka kwa sababu nilizihesabu, bosi alizitaka kabla ya mchana, na nikasikia mtu nyuma yangu anaomba nafasi na nikajisemea kila anayeingia humu anaona kiti changu ndicho kinachofaa kuondolewa, sikugeuka, ni kweli sikugeuka, nilimwona kwenye kioo cha dirisha, kijana kakumbatia boksi la printa kifuani hana pa kuliweka, na hakuliweka chini, alisubiri nalo hivyo hivyo barua zote kumi na nne... Mkaidi ni mimi, mfuko wa zipu ni wangu, sidii hii inayokwaruza ni ya ile mashine aliyonifungia mwenyewe tulipohamia hapa, niwe nachapia watu nyumbani, nilidhani ilikwenda na mashine ilipouzwa, mimi ni mteja wake, nimepewa jina nyuma ya mgongo wangu kama Asiyesema Asante, Mkaidi, mimi, niliyekubali kuolewa na mtu asiyejua kukunja shati... narudisha mkono kwenye mfuko, pole pole zipu isilie, kuna MKAIDI SAUTI, kuna MKAIDI PICHA, na chini kabisa kuna kitu kigumu, cha pembe, navuta, disketi tatu zimefungwa kwa mpira, mpira umekauka unakatika mkononi mwangu, MKAIDI 1, MKAIDI 2, MKAIDI 3, hakuna mashine humu ndani inayoweza kusoma disketi, nje pia sidhani, ameziweka za nini.

"Nikakaa pale ofisini siku tatu," anasema, "siku ya kwanza nikasema disketi ya pili imegoma," naam, naikumbuka disketi ya pili, ninayo hapa, "siku ya pili nikasema printa haisikii, siku ya tatu nikasema waya," na mimi nilimwonea huruma, nilimpa nusu ya mkate wangu, bosi alipotoka kusema kijana huyu hajui kazi aletwe mwingine, nani alisimama, mimi, nilisema mzee, mwache, anajitahidi, mashine hizi zina matatizo, mimi nisiyejua matatizo ya mashine wala utatuzi wake, nilimtetea mpaka masikio yakanichemka, "na ukweli wake, mama mkunga, sijawahi kumwambia mtu, ile draiva iliingia siku ya kwanza, haikuchukua hata robo saa," na mkunga anacheka mpaka benchi linagonga ukuta, na mimi nimeng'ata pindo la gauni, mwongo, mwongo mkubwa wewe, miaka ishirini na minne, nimemsimulia mpaka mama yangu mzazi jinsi printa ilivyokutesa, marehemu kaondoka duniani anakuonea huruma... tumbo linaniuma kwa kucheka bila sauti, na macho nayo yanafanya ya kwao, nayafuta kwa lile lile pindo, kutoka katikati kwenda nje.

Lakini mbona leo, mbona hukuniambia miaka yote hiyo, unakwenda kumwambia mkunga uliyemjua kwa sababu ya virusi... ngoja, yeye anajua nasikia, lazima anajua, tangu tulipoweka hili pazia hakuna neno ambalo amemwambia mteja ambalo si langu, chagua ya pili, subiri, usiguse, kila analomwambia mkunga ni langu, na anajua mashine imekwama, nisingekuwa nimekwama ningekohoa, ningekuwa nimekata tamaa ningegonga, anajua niko hapa peke yangu na mstari usiosonga, basi ameniletea hadithi, ananikalia karibu kwa njia pekee aliyobakiwa nayo, kama alivyoikalia ile printa siku tatu, siku zile draiva imeshaingia anasema haijaingia ili asiondoke, na mimi hapa haijaingia namwomba Mungu iingie ili asiondoke, kumbe sisi tumeanzia kwenye kusubiri kitu kipakie, hatujawahi kuwa na haraka... na mimi nilidhani unanionea aibu.

"Na yeye Mkaidi alikuja kujua?" anauliza mkunga akijifuta machozi, nasikia sauti yake imelowa, na mume wangu anashusha sauti, "nadhani," anasema, "anajua sasa hivi."

Mkono wangu mmoja umeshika disketi tatu na mwingine umeshika meza, na mkunga, hacheki tena, anasema kwa sauti ya chini, ile ya kusema na mama aliye kitandani, "fundi, kunywa chai yako, imepoa," na mume wangu anasema aah mimi chai si mtu wa chai, uongo, anakunywa vikombe sita kwa siku nikimshikia, mbele za watu ndiyo hanywi, na mkunga anasema "kunywa baba, mimi mwaka wa thelathini na moja naangalia mikono ya watu, nilipoingia tu nimeona yako umeiweka chini ya kaunta, wiki iliyopita pia ulikuwa umeiweka chini ya kaunta, usidhani nimekuja kwako kwa sababu sijui, na mashine haiwezi kupoa kwa kugonga nane halafu moja, moja, moja, huyo mtu wako wa nyuma ya pazia anagonga vizuri, ana mkono uliotulia, mimi mikono ya namna hiyo naitafuta kazini siipati," na hakumaliza kwa pole, wala hakuuliza ugonjwa gani, na mara nasikia, sikosei, naijua sauti hiyo kuliko jina langu, kikombe kinanyanyuka kwenye kisahani, tatatata, tatatata, kinapanda, kinatulia mdomoni, anakunywa, amekunywa, mbele ya mteja, tatatata kinarudi, chai imemwagika kidogo nadhani, na hakuna aliyekufa.

Mkono uliotulia, kasema, na mimi niliyekuwa naipenda kazi hii kwa siri kama mtoto anayeiba sukari, nikikaza skrubu najizuia nisitabasamu, nikifurahi namwomba radhi kimoyomoyo, kumbe ningefurahi tu, angenisikia, angefurahi naye, huyu si ndiye aliyekaa siku tatu ili anitazame nikifanya kazi... shemeji Jumamosi akija nitampikia, atakula atashiba, atarudi kwao mikono mitupu, meza hii ina mwenyewe, na kama sidii hii haisomi tutaitoa tutaifuta tena, na kama haisomi kabisa wachimba mabomba hawatakaa mtaroni milele, mkunga atakimbia siku moja zaidi na magoti ya kuazima, nitakwenda mwenyewe kituoni kumchomekea waya na kusimama pale mpaka kile kitaa cha kijani penye waya kiwake... natazama skrini, sitini na tatu, ni ile ile, haijasonga hata nusu, na kitu cha ajabu, simwombi tena mtu chochote.

"Sasa hii mashine yangu imefika wapi," anasema mkunga, na mimi nangoja, kwa mazoea, nangoja aseme inakaribia mama mkunga, mwishoni mwishoni, nangoja afunike kama anavyofunika siku zote, na nasikia stuli inalia, si mlio wa kuegemea nyuma, amegeuka, amelielekea pazia, na anasema, "mimi sijui mama, muulize fundi."

Muulize fundi.

Nafungua mdomo, miezi minne haujawahi kufunguka upande huu wa pazia kukiwa na mtu mbele, na sauti inatoka kubwa kuliko nilivyodhani, "sitini na tatu," nasema, "na imegoma kusonga, kwa hiyo wewe na huyo mume wangu mtanisubiri."